Mfuko Mweupe wa Kabatini

Inspekta alikuwa na jina alilopewa na wazazi, lakini kituoni walishalisahau. Walimwita Kupe, kwa sababu akishaliuma jambo haliachi mpaka ashibe. Mwenyewe hakulichukia jina hilo. Alisema kupe ni mdudu mwenye subira, na subira haijamwozesha mtu meno.

Juma lile subira ilimsaidia kweli. Mji ulikuwa umefurika wageni waliokuja kutazama mashindano ya riadha ya dunia, naye alipangiwa kesi zao. Simu zilizodondoka, pasipoti zilizosahaulika chini ya mito, waume waliopotea wakapatikana baani wakiwa hawataki kupatikana. Asubuhi ya siku ya fainali alikuwa bado anapuliza chai yake kituoni Sajini alipomfungulia mlango wa gari.

"Leo ni viatu," Sajini alisema.

"Vya nani?"

"Vya mkimbiaji. Binti wa mita elfu moja na mia tano, anakimbia fainali leo mchana. Vimeibwa hotelini, chumbani kwa wazazi wake."

"Si avae vingine? Mji mzima huu unauza viatu."

"Ndivyo nilivyomwambia baba yake kwenye simu. Nusura alie."

Hoteli ilikuwa ya wastani, ya zulia la kahawia na picha za maua kwenye korido. Walipotoka kwenye lifti, ghorofa ya nne, walisikia watu wakiimba. Sauti ilitoka kwenye chumba kilichoachwa mlango wazi. Ndani, watu watatu walisimama pekupeku katikati ya vitanda, macho wamefumba, wakiimba wimbo wa shukrani kwa sauti ya chini, tena kwa mpango mzuri, kila mtu na sauti yake. Katika kazi yake Kupe alishakuta walioibiwa wakilia, wakitukana, wakizirai, na mmoja alimkuta akimchapa mlinzi kwa mwavuli. Walioimba hakuwahi kuwakuta. Akasubiri ubeti uishe.

"Shikamoo, Bibi," alimwambia aliyeonekana mkubwa wao, mwanamke mwembamba aliyejitanda mtandio wa sufu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unaijua lugha yetu?"

"Jirani aliyenilea alikuwa wa kwenu."

"Basi tumshukuru Mungu kwa jirani huyo."

"Bibi, mmeibiwa. Mnashukuru nini?"

"Kaiba viatu," Bibi alisema. "Miguu kaiacha."

Kupe alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akavua viatu vyake mlangoni, maana aliona wenzake wote wamevua, akaingia na kuanza kazi.

Alianza kwa kumjua kila mtu. Mwanamume mwenye mashavu ya kitoto na ndevu za mvi alikuwa Baba, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Mwanamke aliyekuwa akikunja shuka ambazo zilishakunjwa alikuwa Mama, nesi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Bibi alikuwa mama mzazi wa Baba, na ndiye aliyemlea mkimbiaji wakati Mama alipokuwa zamu. Mkimbiaji mwenyewe, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa wembamba wa miguu yake, alikaa na timu yake upande mwingine wa mji. Waumini wenzao ndio waliowachangia nauli, na kila mmoja wa hao watatu alilitaja jambo hilo kabla hajaulizwa.

"Sasa viatu vya Chiriku vilifikaje hapa?" Kupe aliuliza.

"Alivileta mwenyewe jana jioni baada ya mazoezi," Mama alisema. "Tangu aanze mashindano ya shule hajakimbia na viatu ambavyo Bibi yake hajaviombea. Kocha wa timu alinung'unika, lakini alikubali. Leo asubuhi nilipaswa kumpelekea."

"Na kwa nini asivae vingine?"

Baba ndiye aliyejibu. Chiriku aliungua maji ya moto mguu wa kulia alipokuwa mdogo. Vidole viwili vilishikana, unyayo ukapinda. Kiatu cha dukani kinamchubua kabla hajamaliza mzunguko mmoja. Hivyo viwili vilishonwa kwa kipimo cha miguu yake, na fundi alichukua muda mrefu kuvipata sawasawa. Jozi nyingine haikuwepo.

"Asipovipata hatakimbia," Baba alisema. "Au atakimbia pekupeku kwenye ile njia ya raba inayochoma, na hilo mimi sitalitazama."

Kupe akaelewa kwa nini mtu mzima alitaka kulia kwenye simu. "Viliwekwa wapi?"

"Kabatini," Mama alisema haraka. "Mimi mwenyewe niliviweka. Tuliomba, Bibi akavipaka mafuta, nikavitia kwenye mfuko mweupe wa kitambaa tulioukuta humo kabatini. Safi, umepigwa pasi. Tukasema hoteli hii ina adabu, imetuwekea hata mfuko wa kutunzia vitu vyetu. Niliamka usiku kuvitazama. Nikaamka tena. Asubuhi nafungua kabati, hakuna viatu, hakuna mfuko."

Kupe alifungua kabati. Palikuwa na vining'inizo vya nguo, blanketi la akiba na kipande cha sabuni. Akapiga magoti, akanusa sakafu ya kabati. Harufu ya mafuta ya zeituni ilikuwepo, hafifu. Akakagua dirisha. Lilifunguka upana wa kiganja tu, na chini yake ulikuwa ukuta mtupu mpaka barabarani. Akamwita meneja.

Meneja alifika na tai iliyofungwa mpaka ikambana pumzi. "Hoteli yetu haina wezi," alisema kabla hajasalimia.

"Hongera. Kitasa hiki kinatumia kadi, na mashine inakumbuka kila kadi iliyofungua. Niambie inakumbuka nini."

Meneja alishuka, akarudi na jibu. Familia iliingia jioni kwa kadi yake. Baada ya hapo, mpaka asubuhi, hakuna kadi yoyote iliyofungua mlango ule kutoka nje. Si ya mfagizi, si ya mlinzi, si ya meneja mwenyewe. Aliyasema hayo akiwa ameinua kidevu.

"Kwa hiyo hakuna aliyeingia," Kupe alisema.

"Hakuna."

"Na dirishani hapapiti mtu. Basi viatu vilitoka vyenyewe, au vilitolewa na aliyekuwa humu ndani."

Baba akasema jambo ambalo ni wazi alikuwa analimung'unya tangu alfajiri. Chumba cha mbele yao, ng'ambo ya korido, alikaa kocha wa timu nyingine. Msichana wake ndiye aliyetabiriwa ushindi, na aliyesemwa kuwa angeweza kumsumbua ni Chiriku. Baba alitoka asubuhi mapema kutafuta maji ya moto, na aliporudi akigonga afunguliwe akamwona kocha huyo anarudi chumbani kwake na mfuko mweusi mkononi, ukidondosha maji.

"Usimshuhudie jirani yako uongo," Bibi alisema.

"Sisemi kaiba, Mama. Nasema ana mfuko."

"Basi tumwombee huyo aliyechukua, awe nani awe. Asamehewe."

"Kwanza akamatwe," Mama alisema. "Halafu asamehewe vizuri."

Kupe hakucheka, ingawa Sajini aligeuka ukutani kwa muda. Alivuka korido akagonga.

Kocha alikuwa jitu la mtu, na alichechemea. Alipoelezwa habari, alikaa kitandani mpaka kitanda kikalalamika.

"Mimi? Nimwibie mtoto viatu?"

"Una mfuko mweusi unaodondosha maji."

"Barafu hiyo." Akanyoosha kidole bafuni. Mfuko ulikuwa ndani ya sinki, nusu barafu nusu maji, na kando yake bandeji ya goti. "Goti langu limekufa zamani. Kila asubuhi nashuka jikoni wananipa barafu. Kawaulize."

"Nitawauliza." Sajini alishatoka.

"Nikwambie kitu, Inspekta. Msichana wangu anamwogopa yule binti. Na mimi nafurahi anamwogopa. Nilimwambia jana, ukishinda mbio ambayo yeye hayumo, umeshinda mazoezi. Nenda kawaambie hivyo wale wanaoimba."

Kupe aliwajua waongo. Wengi huanza kukasirika baada ya kuulizwa swali la pili, wakishapata muda wa kujipanga. Huyu alikasirika papo hapo, halafu hasira ikamwisha akabaki na masikitiko. Hata hivyo aliendelea, kupe ni kupe. "Ulipotoka kwenda jikoni uliona nini kwenye korido?"

"Nini kwani? Zulia. Mfuko mweupe kwenye kitasa chao."

"Kitasa cha nani?"

"Cha hao wa mbele. Ulining'inia nje. Niliporudi na barafu yangu haukuwepo."

"Una uhakika ulikuwa nje?"

"Mimi nitaonaje kitasa cha ndani ya chumba cha watu?"

Kupe alitoka akainama kwenye mlango wa familia. Kitasa cha nje kilikuwa cha chuma king'aavu. Upande wa chini, pale ambapo kamba ya mfuko ingekaa, palikuwa na ukungu mdogo wa mafuta. Akaugusa, akanusa kidole. Zeituni. Akarudi kwa Kocha na kufungua kabati lake bila kuomba ruhusa. Kulikuwa na vining'inizo, blanketi, sabuni, na juu ya blanketi mfuko mweupe wa kitambaa uliopigwa pasi.

"Huu nao?"

"Wa nguo chafu huo," Kocha alisema. "Kila chumba kina wake. Ukiutundika mlangoni, asubuhi dobi anapita na toroli anauchukua. Hujawahi kulala hotelini?"

Hapo Kupe aliiona njia nzima. Hapakuwa na mwizi. Pale mlangoni palikuwa na mtu wa toroli aliyefanya kazi yake, akakusanya mfuko kama alivyokusanya mingine yote ya korido ile, na viatu vya fainali vilikuwa vimekwenda kufuliwa. Meneja alipoulizwa dobi yuko wapi alitaja jengo la nje ya katikati ya mji, lililofulia hoteli nyingi kwa pamoja. Simu yao haikupokelewa. Alieleza kwamba mashine zikianza kazi hawasikii simu.

Lakini mfuko haukujitundika. Kupe alirudi mlangoni kwa familia akasimama kidogo. Baba alikuwa akimtazama kwa matumaini yaliyomtia aibu. Mama alikuwa amefungua kabati tena, akitazama ndani kama kwamba viatu vingeona haya vikarudi.

"Mama Chiriku, uliamka mara ya mwisho kuvitazama ukavikuta?"

"Mara ya mwisho sikufika kabatini. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya kabati, anaomba. Akaniambia vipo, lala. Nikalala."

Kupe alikumbuka nani alitaka aliyechukua asamehewe kabla hajajulikana, na nani, kati ya wote watatu, hakuuliza hata mara moja ni nani aliyechukua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Akamgeukia Bibi kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bibi, naomba unisindikize mahali. Viatu unavijua, mimi sivijui. Nyinyi wawili tangulieni uwanjani, mkae na mtoto. Mwambieni vinakuja."

"Vinakuja?" Mama alisema.

"Mwambieni hivyo."

Garini Bibi alifunga mkanda kama alivyoonyeshwa, akaweka mikono mapajani. Sajini aliendesha. Barabara zilijaa bendera na watu waliojipaka rangi usoni. Walipita taa ya kwanza, na Kupe hakumharakisha.

"Umeshajua," Bibi alisema hatimaye.

"Najua ulitundika. Sijui kwa nini."

"Mkwe wangu ni nesi. Mgonjwa akilala, yeye haamini mpaka amguse. Tangu tuondoke nyumbani hajalala, anahesabu tu mambo yanayoweza kuharibika. Jana alifungua lile kabati mpaka bawaba zikachoka. Nikamwambia, mwanangu, ukishamkabidhi Mungu kitu, usirudi kukipapasa. Akasema ndiyo, Mama. Akaamka tena." Bibi alivuta mtandio. "Nikaona basi nimwondolee kishawishi. Nikiviweka chini ya kitanda changu, atavipata. Nikatundika nje ya mlango, mahali ambapo asingefikiria. Nikasema, Mungu wa mlangoni ndiye wa kabatini. Nikaketi pale kwenye kiti. Alipoamka nikamwambia vipo. Hilo 'vipo' nimelitubu tangu alfajiri."

"Na asubuhi?"

"Nilifungua mlango kabla wenzangu hawajaamka. Kitasa kitupu."

"Mbona hukusema, Bibi? Ungesema mapema tungekuwa tumeshafika."

Aliyesali kwa sauti mbele ya polisi bila haya, sasa aliona haya.

"Kwetu ugomvi wa mama mkwe na mkwe huchekwa, watu hata hununua hadithi zake. Mimi na huyu hatujawahi. Tangu aingie nyumbani kwangu hajaniinulia sauti. Niliogopa macho yake tu. Nikasema labda Mungu atavirudisha kabla hajaniuliza." Akatazama dirishani. "Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, mwanangu, na leo nimemfanya Mungu mtumishi wa kunifichia aibu."

"Mimi kazi yangu ni viatu," Kupe alisema. "Hayo mengine si ya polisi."

Jengo la dobi lilikuwa na mlango wa chuma na mvuke uliotoka hata kwenye nyufa. Ndani, mashine kubwa zilizunguka zimepangwa mstari mmoja, na watu waliongea kwa ishara. Msimamizi, mwanamke mwenye mikono iliyovimba kwa maji, aliwasomea kanuni kwa kupiga kelele. Mfuko wenye namba ya chumba huwekwa kwenye kapu la chumba. Mfuko usio na namba unamwagwa pamoja na shuka za hoteli yenyewe, kwa kuwa mara nyingi ni taulo za wafagizi.

"Mfuko wetu hauna namba," Kupe alipaza sauti.

"Basi umemwagwa."

"Wapi?"

Msimamizi alionyesha mashine zote kwa mkono mmoja. Zote zilizunguka, zote povu, zote shuka nyeupe. Kuzisimamisha zote kulihitaji ruhusa ya mwenye kiwanda, ambaye hakuwepo. Sajini alianza kubishana. Kupe alimwacha abishane, akatembea polepole mbele ya mashine, kichwa kimeinama upande. Nguo hazipigi kelele zikifuliwa. Mashine zote ziliguruma sauti moja nzito, ile ya kwanza, ya pili, na nyingine. Karibu na mwisho wa mstari moja iligonga. Iliguruma, ikagonga, ikaguruma, ikagonga.

"Hii inaumwa?" alimwuliza mfanyakazi wa mashine hiyo.

"Tangu nimeiwasha. Nilidhani mkanda umelegea."

"Izime."

Maji yaliteremka kwa uvivu wa ajabu. Bibi hakusubiri mlango ufunguke wote. Aliingiza mkono mpaka begani kwenye shuka zinazofuka mvuke, akapapasa, akautoa mkono na kiatu cha kulia, misumari ya unyayo wake imeng'ang'ania kipande cha shuka. Cha kushoto kilimfuata. Vilikuwa vimelowa chapachapa, lakini vizima, nyayo zimeshika, mshono haukuachia. Msimamizi alitazama shuka iliyochanika.

"Hoteli itafurahi sana," alisema.

"Hoteli haina wezi," Kupe alimjibu. "Mwambie meneja hivyo."

Bibi alikuwa amevikumbatia vile viatu na maji yanamtiririka kifuani. Alimshukuru msimamizi, akamshukuru mfanyakazi wa mashine, akaishukuru na mashine.

Kuvikausha ilikuwa kazi nyingine. Msimamizi aliwaonya wasitie kwenye mashine ya kukausha, gundi ingeyeyuka. Kwa hiyo Sajini alifungulia kipasha joto cha gari mpaka mwisho, ingawa jua la nje lilitosha kwa kila mtu. Bibi alivishika mbele ya tundu la hewa, kimoja kila mkono, akivigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma. Madirisha yalifungwa hewa isitoke. Walifika uwanjani wote watatu wamelowa jasho kuliko viatu, na Sajini alikuwa amewasha king'ora njia nzima, jambo ambalo halikuruhusiwa.

Kwenye mlango wa wachezaji Mama na Baba walisimama na kocha wa timu yao. Chiriku alikuwa katikati yao, msichana mrefu asiye na maneno mengi, soksi miguuni. Alivipokea, akavibonyeza.

"Vina maji, Bibi."

"Vimebatizwa," Bibi alisema. "Tena kwa kuzamishwa."

Chiriku alicheka, na ndipo Kupe alipogundua kwamba alikuwa akiogopa. Alikaa chini, akavaa, akafunga kamba, akaruka mara kadhaa mahali pamoja. Akambusu Bibi yake, akamkumbatia mama yake, akaitwa jina lake uwanjani, akaenda. Hakuuliza vilipotea vipi. Muda haukuwepo.

Kupe angeweza kuondoka hapo. Kesi ilikuwa imekwisha na chai yake imepoa kituoni. Lakini Baba alimshika mkono akasema ana kiti kimoja cha ziada, kilichokuwa cha mchungaji wao aliyeshindwa kusafiri, na akakataa kuusikia udhuru wowote. Kabla ya kuketi Baba alishuka safu chache mpaka alipokaa yule kocha wa goti. Kupe hakusikia walichosema. Aliona tu Baba akiinamisha kichwa, halafu jitu lile likisimama kwa shida na kumpiga mgongoni pigo lililomsogeza hatua nzima.

Wasichana walijipanga mstarini. Chiriku alikuwa wa pili kutoka nje. Uwanja wote ulinyamaza ule unyamavu wa kungojea mlio, na katika unyamavu huo Bibi alisema, macho mbele:

"Mama Chiriku. Ni mimi niliyevitoa. Nilivitundika nje usiku, usivione. Niliogopa kukwambia. Nisamehe."

Bastola ililia.

Mama hakugeuka. Kupe, aliyekaa kando yake, alisikia kila neno. Chini, kundi la wakimbiaji lilijifungia kama ngumi, na Chiriku alikuwa nyuma, karibu na mwisho. Baba alisimama, akaketi, akasimama. Mzunguko wa kwanza ukapita. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Bibi alikuwa ameinamisha uso, hatazami mbio aliyovuka bahari kuja kuitazama.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Chiriku alitoka nje ya kundi. Alimpita mmoja, akampita mwingine, mguu wa kulia ukikanyaga kwa ule mpindo wake mdogo ambao ungeweza kuuona ikiwa tu uliambiwa. Msichana wa kocha wa goti alikuwa mbali mbele, hakamatiki. Nyuma yake walibaki wawili, na Chiriku aliwafuata kwenye kona, akawafikia, akasogea bega kwa bega na wa tatu mpaka kwenye mstari. Ubao ulichelewa kidogo, kisha ukaandika. Wa nne. Chini ya jina lake ukaandika kwamba hajawahi kukimbia haraka namna ile maishani mwake.

Baba alikuwa analia waziwazi na kushangilia kwa wakati mmoja. Kule chini Chiriku alikuwa amelala chali kwenye njia ya raba, mikono ameitandaza, kisha akainuka akawatafuta kwa macho jukwaani, akawapungia kwa mikono yote miwili.

Mama alimpungia mpaka mtoto alipogeuka. Ndipo alipomgeukia mama mkwe wake.

"Mtazame mtoto, Mama. Anakupungia na wewe."

Bibi aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hujaniambia kitu."

"Nilikuwa natafuta la kusema." Mama alifuta uso kwa kiganja. "Asubuhi nilipofungua lile kabati tupu nilimwapiza mwizi huyo, wewe hukusikia, nilimwapiza kwa moyo. Sasa namjua. Na unajua ninachokumbuka? Kwamba jana nililala. Uliponiambia vipo, lala, nililala kama mtoto. Tangu tufunge mizigo nyumbani sijalala vile, pengine tangu mtoto aungue. Ungeniambia ukweli ningekaa macho mpaka asubuhi. Umenilaza, Mama. Asante."

Mtu aliyeshukuru kwa jirani, kwa mwizi, kwa mashine ya kufulia, alishukuriwa yeye akakosa mahali pa kuliweka neno hilo. Alimshika mkwe wake mkono.

"Haya, tuombee, Mama," Mama alisema baadaye. "Wewe ndiye unayeanzaga."

"Leo anza wewe," Bibi alisema. "Mimi nitaitikia."

Mama alisimama, watu wa safu ya nyuma wakimwambia akae, akaanza kushukuru macho wazi. Bibi akaitikia. Kupe naye alisimama.